Daftari la Sina Neno

"Saini, binti yangu," mchungaji alisema. "Limebaki jina moja tu."

Sista Kibano alijua limebaki moja. Yale mengine saba alikuwa ameyasaini polepole, kwa mwandiko wa mwanafunzi anayetafuta zawadi, ili hili la nane libaki peke yake na kila aliye mezani alione. Hakupewa bure jina la Kibano. Katika chumba cha upasuaji, akishika kitu hakidondoki, na tangu miezi minane iliyopita alikuwa ameshika jambo moja.

Akaifunika kalamu, akailaza juu ya daftari.

"Hili siwezi, Mchungaji. Mimi nina neno naye."

Katika ukumbi wa kanisa watu wakaacha kufunga mizigo. Meza ndefu zilikuwa zimejaa maboksi ya safari: glavu, pamba, mitungi midogo ya dawa ya usingizi, vyote vimeandikwa idadi na tarehe ya kuharibika. Alfajiri ya Jumatatu timu ya watu tisa ilikuwa inavuka mipaka miwili kwenda kwenye hospitali ndogo ya misheni, ambako watoto arobaini na mmoja waliozaliwa na midomo iliyopasuka walikuwa wanasubiri kushonwa. Na mshonaji mwenyewe, Daktari, alikuwa upande wa pili wa meza akihesabu pakiti za nyuzi. Mkono wake ulisimama hewani.

Daftari lile halikuwa mchezo. Miaka sita nyuma, katika safari kama hii, wauguzi wawili walikuwa wamenuniana. Kwa kuwa hawakusemeshana, kila mmoja alimchoma mgonjwa yule yule sindano ile ile ya maumivu, akidhani mwenzake hajamchoma. Mgonjwa alilala siku mbili, na timu nzima ikakesha kwa magoti. Waliporudi, mchungaji alinunua daftari jeusi. Tangu hapo timu haisafiri na kinyongo. Kila mmoja anasaini mbele ya jina la kila mwenzake: sina neno naye. Anayenyimwa saini na mwenzake, hata moja, jina lake halisomwi katika ibada ya kuwaaga, naye anabaki.

Mtaalamu wa usingizi, mzee mnene asiyeishiwa utani, alijikohoza. "Sista, hebu tuelewane. Mimi nawalaza watoto. Huyu asipokwenda, nikishawalaza nifanye nini, niwaimbie?"

"Hutawaimbia. Yule daktari mstaafu aliyetufundisha kushika mkasi anakwenda. Niliongea naye wiki tatu zilizopita. Vyeti vyake vimeshakubaliwa kule, na viti kwenye ndege viko kumi."

Hapo ndipo wote walipoelewa. Mwenye kupanga safari alikuwa yeye, na aliipanga hadi kona ya mwisho. Hakuna mtoto ambaye angeumia. Ambaye angeumia alikuwa mmoja tu, amesimama pale na pakiti ya nyuzi mkononi, na masharubu yake mazito yakitetemeka kidogo.

Mchungaji alilifunga daftari taratibu. "Sikulazimishi. Saini ya kulazimishwa ni uongo, na mizigo yetu imeshazidi kilo. Una mpaka kesho ibadani."

* * *

Daktari alimfuata stoo. Sista Kibano alijua atamfuata, hata alikuwa amepanga aseme nini. Ila hakuwa amejipangia kile ambacho kifua chake kingefanya mlango ukifungwa.

"Kibano."

"Sista Kibano."

"Sista." Daktari alilimeza sahihisho. "Nipige. Nitukane mbele ya kanisa zima, nitasimama nikusikilize. Lakini usininyime safari hii. Unajua inamaanisha nini kwangu."

Anajua! Nani angejua kumshinda? Chini ya masharubu yale kulikuwa na kovu, mstari mwembamba unaopanda kutoka mdomoni hadi puani. Naye alizaliwa hivyo hivyo, akashonwa na madaktari wa misheni waliokuja kwa wiki mbili na kuondoka. Watu wote walijua, maana kila mwaka ibada ya kuwaaga ikifika alitoa ushuhuda ule ule: jinsi alivyoshindwa kunyonya, jinsi mama yake alivyomlisha kwa kijiko, tone kwa tone, miezi mitatu, mpaka akapata uzito wa kuhimili kisu. Kila mwaka mama yake aliketi benchi la mbele, leso jichoni, mwenyekiti wa akina mama, na kanisa lote likampigia makofi. Lakini aliyewahi kuligusa kovu lile kwa ncha ya kidole, Daktari akiwa amefumba macho, alikuwa mmoja tu. Sasa kidole hicho kilikuwa kinafunga kamba kwenye boksi la mikasi, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Nilikupenda," alisema Daktari. "Nakupenda."

"Ulinipenda mpaka wapi? Mpaka kwenye zulia?"

Akainamisha kichwa.

"Ee, inama. Ndivyo ulivyoinama siku ile ya utambulisho. Nimekaa sebuleni kwenu, mama yangu ubavuni, amevaa gauni aliloazima. Mama yako akasema, 'Sisi hatuchanganyi damu na watu wa kufua mashuka ya wagonjwa.' Mama yangu akakugeukia wewe, siyo yeye. Na wewe ukafanya nini?"

"Nilitazama zulia."

"Lilikuwa la rangi gani?"

"Sista..."

"La rangi gani? Ulilitazama muda mrefu, lazima unakumbuka."

"Jekundu," alinong'ona. "Lina maua pembeni."

"Kisha ukamtuma shangazi yako aniletee vitu vyangu ndani ya boksi la glavu. Hata mfuko hukunitafutia."

Sista Kibano alitamani kulia, akajikataza. Huyu mtu alikuwa karibu mno, ananukia sabuni ile ile ya chumba cha upasuaji, na mwili ni mjinga, haujui nani amemkosea nani. Akarudi nyuma hatua moja mpaka mgongo ukagusa rafu.

"Nifanye nini?" Daktari aliuliza. "Sema lolote."

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mama yako yuko ukumbini, anagawa chai. Mlete chumba cha kufulia, sasa hivi, mama yangu yuko kazini. Aseme yale maneno pale, mbele ya zile mashine, mama yangu akimtazama. Halafu ayameze."

"Hatakuja."

"Basi safari njema ya kubaki."

* * *

Alikuja. Mapenzi ya mama kwa mwanawe yana nguvu kuliko maringo, ingawa alitembea kama mtu anayevuka matope kwa viatu vipya.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya hospitali yao, hatua chache kutoka kanisani. Mashine mbili zilikuwa zinaunguruma, na mvuke ulipanda mpaka kwenye madirisha ya juu. Mama Mfuaji alikuwa anapiga pasi mashuka ya kijani ya upasuaji, yale yatakayosafiri, akiyakunja pembe kwa pembe ili daktari akiyafungua asiguse katikati. Miaka thelathini na sita ya kazi ile, mikono yake ilikuwa imekwajuka na maji ya dawa.

"Shikamoo, mama," Daktari alisema, sauti imekauka.

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama binti yake, akamtazama mgeni mlangoni, akaizima pasi. "Kuna nini?"

"Huyu mama ana neno la kukwambia," alisema Sista Kibano.

Mama Mwenyekiti alisimama kwenye kizingiti, mkoba kifuani. Alimtazama kila mtu isipokuwa aliyekuwa anazungumza naye. "Nimeambiwa kuna watu walikwazika. Kama siku ile nilisema neno likamkera mtu, basi yaishe. Sisi ni watu wa kanisa."

"Kama?" Sista Kibano alicheka, kicheko kibaya. "Hiyo 'kama' iache nje, Mama, huku ndani kuna joto. Ulisema nini? Litaje."

"Binti, niheshimu!"

"Nakuheshimu. Ndiyo maana nakupa nafasi ulitaje mwenyewe."

"We mtoto, hebu acha," Mama Mfuaji aliingilia. "Mimi sikumtuma mtu aniombee radhi." Akaburuta kigoda, akakipangusa kwa kiganja. "Mwenzangu, ingia ukae. Usisimame hapo. Hata ile miezi mitatu ulikuwa unaishia mlangoni hivyo hivyo."

Akashtuka mwenyewe. Akaziba mdomo kwa shuka aliloshika.

Mashine moja ikamaliza mzunguko wake, ikatulia.

"Miezi mitatu gani?" Daktari aliuliza.

Mama Mfuaji akalikunja shuka lile upya.

"Mama, mnajuana? Miezi mitatu gani?"

"Nimeteleza tu, mwanangu," alisema Mama Mfuaji. "Uzee. Nenda zako, nenda kafunge mizigo."

Lakini Sista Kibano alikuwa anamtazama Mama Mwenyekiti, na alichokiona usoni pake hakikuwa maringo tena. Kilikuwa hofu, hofu kuukuu iliyofichwa muda mrefu. Kichwani mwake mambo yakaanza kujipanga kama vifaa kwenye trei. Mama yake aliajiriwa hapa akiwa msichana, wodi ya watoto, kabla ya kuhamishiwa ufuaji. Na kijiko. Kile kijiko kidogo cha bati ambacho mama yake alikitunza kabatini akakataa kitumike, eti kina historia yake.

"Kijiko," alisema. "Mama. Ni wewe?"

Mama Mfuaji aliinamisha macho. Mama Mwenyekiti ndiye aliyevunjika. Alijiegemeza kwenye kizingiti, mkoba ukamponyoka.

"Sikuweza kumtazama," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya msichana. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Walinipa mtoto mwenye uso uliofunguka, nikapiga kelele. Nilikuwa nakamua maziwa kwenye kikombe nyumbani, nayaleta mpaka mlangoni, nampa yeye, nakimbia. Kila siku. Yeye ndiye aliyekulisha. Nilikuchukua siku waliyokutoa nyuzi."

Mkono wa Daktari ulikuwa umepanda wenyewe, umefunika masharubu.

"Ndiyo maana," Sista Kibano alisema taratibu, kwa furaha mbaya ambayo hakuwahi kuijua. "Siyo mashuka. Wala siyo damu. Uliogopa mama yangu akiketi kwenu kama mkwe, siku moja atasema. Ukaona heri umtukane, akutoke machoni. Na wewe kila mwaka benchi la mbele, leso jichoni!"

"Naomba usiseme." Mama Mwenyekiti alipiga magoti juu ya sakafu yenye maji, na vazi lake zuri likalowa. "Nimekosa. Nilisema mko chini yetu, nameza, nayameza yote. Usiseme tu kanisani."

Hivi ndivyo kisasi kinavyokuwa kikimnyookea mtu, Sista Kibano akawaza. Aliomba kikombe, amepewa mtungi.

"Mimi sisemi, Mama. Kazi yangu ni saini tu. Ila kesho mwanao anatoa ushuhuda kama kila mwaka. Nina hamu kweli ya kusikia habari za kijiko."

Daktari alimpita mama yake aliyepiga magoti, akatoka bila kumtazama mtu yeyote.

Mama Mfuaji alimnyanyua mwenzake, akamkung'uta maji, akamwokotea mkoba, akamsindikiza nje. Aliporudi aliwasha pasi, akasubiri ipate moto ndipo akasema.

"Nilimlisha kwa sababu alikuwa na njaa. Sikumlisha ili wewe upate fimbo."

Sista Kibano akapokea shuka lililokunjwa, akalipanga boksini. Lakini fimbo hakuitupa.

* * *

Jumapili kanisa lilijaa mpaka milangoni. Timu iliketi mbele, wamevaa fulana za bluu. Kiti kimoja kilikuwa wazi. Mama Mwenyekiti alikuwa benchi lake la kila siku, leso mkononi, uso umemsawajika kama mtu aliyesahau usingizi. Mama Mfuaji alikuwa benchi la mwisho, kama kawaida yake. Alipenda kuwahi kutoka, alisema, ingawa binti yake alijua si kuwahi, ni kuzoea.

"Daktari yuko wapi?" mchungaji alinong'ona.

Akaingia. Minong'ono ikapita kutoka benchi hadi benchi. Alikuwa amenyoa masharubu, na kovu likaonekana na watu mia nne kwa mara ya kwanza, jeupe, limepinda kidogo upande wa kushoto. Sista Kibano aliona aibu, kana kwamba ameshuhudia mtu akivuliwa nguo. Kovu lile lilikuwa lake peke yake.

Daktari alishika kipaza sauti.

"Kila mwaka nawaambia kuna mama alinilisha kwa kijiko, tone kwa tone, miezi mitatu. Ni kweli. Kosa langu ni moja, nilikuwa sijui ni mama yupi. Mama aliyenizaa alileta maziwa kila siku. Hakukosa hata siku moja, na simhukumu. Aliyekaa akanilisha ni msichana wa kazi wa wodi ya watoto. Yuko humu. Ndiye anayetufulia mashuka tutakayosafiri nayo."

Vichwa vikaanza kugeuka.

"Miezi minane iliyopita alikuja nyumbani kwetu kwa heshima zote, akatukanwa. Alinigeukia mimi nimtetee. Mdomo huu aliouhangaikia miezi mitatu, siku ile niliufunga, nikatazama zulia. Kwa hiyo anayeninyima saini ana haki. Nimemaliza."

Hakupigiwa makofi. Watu hawakujua kama inafaa. Mchungaji, ambaye ameona mengi, alilileta daftari jeusi mwenyewe na kulifungua mbele ya Sista Kibano.

Akaishika kalamu, akaifunua. Kisha hakusaini.

Aliinua macho, akamtazama Mama Mwenyekiti. Basi. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa, alimtazama na kusubiri, kalamu juu ya karatasi, na kanisa zima likaanza kutazama anakotazama. Akaionja dakika ile. Alikuwa ameisubiri miezi minane na ilikuwa tamu, Mungu amsamehe, tamu kweli. Nyuma kabisa mama yake alikuwa anamtikisia kichwa: acha, mwanangu, inatosha. Akajifanya hamwoni.

Mama Mwenyekiti alisimama.

Alitoka benchi la mbele, akashika njia ya katikati. Viatu vyake vilisikika kila hatua. Alipita akina mama aliowaongoza miaka kumi na miwili, alipita wanakwaya, alipita wote, mpaka benchi la mwisho, akasimama pembeni yake kama alivyosimama zamani kwenye mlango wa wodi. Safari hii hakukimbia.

"Naomba nikae," alisema, na kwa ukimya uliokuwepo kila mtu alimsikia.

Mama Mfuaji alisogeza mkoba wake, akampisha. "Mbona umechelewa hivyo, mwenzangu," alisema. Wakaketi bega kwa bega, na baada ya muda leso ikahamia mkononi mwa Mama Mfuaji.

Ndipo Sista Kibano akasaini. Mkono uliosifika kwa kutodondosha kitu ulitoa saini mbaya kuliko zote.

Majina yakasomwa, yote tisa. Yule daktari mstaafu, aliyekuja na begi lake tayari, aliambiwa aende tu, kiti cha kumi kipo na mikono haizidi. Watu wakasimama kwa wimbo, na katika kelele zile Daktari akasogea ubavuni pake.

"Asante."

"Usinishukuru." Macho yake aliyaweka mbele. "Siku kumi na mbili za safari nitakuwa nakupa mkasi. Ukinyoosha mkono nitakupa, ukiomba uzi nitakupa. Usiniombe kingine."

"Sitaomba." Akaimba ubeti mzima. "Na siku ya kumi na tatu?"

Sista Kibano aligeuka. Kovu lilikuwa karibu, na kidole chake kilikumbuka njia yote. Akakikunja ndani ya kiganja.

"Ya kumi na tatu utakuja kwetu, peke yako, bila shangazi. Sebule yetu haina zulia. Mama atakuuliza umefuata nini, na utamjibu kwa mdomo wako, yeye mwenyewe akikutazama. Akiridhika, ataniita. Asiporidhika, mtoto wa kijiko, utarudi na njaa yako."